Mama Bibiane Kalunga: Shefu wa Biro kwa Miaka Tisa, au kwa Wiki Moja

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Bibiane Kalunga anastaafu baada ya kuitumikia Biro ya Mizani ya Kalemie kwa miaka thelathini na minne. Tarehe na miaka hiyo ni hakika. Mengine yaliyomo katika karatasi hii ya kumuaga yameandikwa na mtu ambaye kichwa kinamzunguka tangu Jumatatu, kwa hiyo wageni wetu waheshimiwa watavumilia.

Kazi ya biro yetu, yaani ofisi, ni rahisi kueleza: tunakagua mizani. Mizani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, ya mahindi bandarini, ya ng'ombe kule Pepa. Ikipima sawa tunaibandika alama. Ikidanganya tunaifunga, na mwenyewe anatutukana mpaka tupotelee kona. Mama Bibiane alianza kazi hii akiwa bado msichana, akibeba sanduku la vyuma vya kupimia kichwani. Hata leo, akiingia sokoni, utaona vidole vya wauzaji vikitoka kwenye sahani za mizani kwa pamoja. Wakati mmoja aliifunga mizani ya shemeji yake, kisha jioni akaenda kula kwake kama kawaida. Shemeji alimpakulia, lakini kidogo. Mama alisema sahani ile haikuhitaji vyuma kujua kwamba imepunjwa.

Mwaka 2016 kiti cha shefu, mkuu wa biro, kilibaki wazi. Mama alikuwa mkongwe kuliko sisi sote, na alama zake za kazi zilikuwa nzuri. Kiti akapewa Papa Valère, ambaye Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilitoa sababu: mwanamke hawezi safari za Pepa.

Sasa sikilizeni. Siku lilipobandikwa, Mama alikuwa anarudi kutoka Pepa. Alikuwa amepanda boti hadi Moba, akapanda lori hadi juu ya milima ya Marungu, akapima ng'ombe mpaka kwato zao zikamwachia alama mguuni. Alilisoma tangazo lile akiwa na matope kwenye viatu na mfuko wa viazi mkononi. Akageuka akatuuliza: "Sasa kule natokeya, njo wapi?" Mimi nilimpokea viazi tu.

Mama akaamua kukata rufaa, ile tunayoiita rekuru, akilalamika kwamba amenyimwa cheo kwa kuwa ni mwanamke. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Katika kazi ya serikali karatasi haipandi juu yenyewe. Unamwandikia mkubwa wa mbali, lakini lazima ipite kwanza mezani kwa mkubwa wako wa karibu, naye aandike chini yake kama anaunga mkono au anakataa. Na mkubwa wa karibu wa Mama Bibiane alikuwa nani? Papa Valère. Yaani rufaa ya kumtoa Papa Valère kitini ilibidi ipitie kwa Papa Valère.

Wote tulijua itafia kwenye droo. Papa Valère aliisoma mara mbili, akaandika "Naunga mkono", akagonga muhuri, kisha yeye na Mama wakaenda bandarini kukagua mizani. Tulimuuliza kama ana homa. "Wanasema Mama hawezi kufika Pepa," alisema. "Miye njo sifikaka Pepa." Ni kweli. Mawimbi humtapisha kabla boti haijaiacha Kalemie, na safari zote za Pepa aliendelea kuzifanya Mama, akitumwa na mtu aliyepewa kiti kwa sababu Mama hawezi kuzifanya. Lakini tusimgeuze Papa Valère malaika. Kiti alikipenda, na alikikalia vizuri.

Rufaa ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ilirudi na swali: inawezekanaje mtu anayelalamikiwa amuunge mkono anayemlalamikia, je, ametishwa? Papa Valère aliandika kwamba hajatishwa. Mama aliandika kwamba hajamtisha mtu. Wote wawili walinipa mimi nipige chapa, meza moja, asubuhi moja, huku wakibishana nani kamaliza sukari ya chai. Ya tatu ilipanda hadi Kinshasa, nayo ikanyamaza miaka. Katika miaka yote hiyo Mama alimwita "Chef", bila kejeli yoyote sautini, naye alimwita "Mama".

Niliwahi kumuuliza kwa nini hachoki, maana tofauti ya mshahara ni bei ya sabuni. Alinijibu: "Neno ile 'hawezi' iko mu faili yangu. Sipendi niende nayo ku nyumba." Ndiyo maana mwaka huu tulihesabu miezi kwa uchungu. Novemba ilifika, keki ya kumuaga ikaagizwa, na neno lilikuwa bado limekaa kwenye faili.

Jumatatu ya wiki hii jibu likaja. Rufaa imekubaliwa, Mama alibaguliwa, Mama Bibiane Kalunga ni shefu wa biro tangu mwaka 2016. Tulipiga vigelegele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Mama alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Nami nililia.

Kisha tukaanza kufikiri, na hapo ndipo tulipopotea. Kama Mama ndiye shefu tangu 2016, basi Papa Valère hakuwa shefu. Kama hakuwa shefu, muhuri wake kwenye rufaa haukuwa wa shefu. Kama haukuwa wa shefu, rufaa haikupita njia yake, haifai, na Papa Valère ndiye shefu. Nilizunguka humo siku nzima. Mwanasheria mmoja niliyemwendea alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niende nikanywe maji.

Jumanne hakuna aliyekikalia kiti kikubwa. Papa Valère alikuwa ameshaondoa pale miwani na kofia yake, na Mama hakutaka kuiacha meza yake ya dirishani inayopata upepo wa ziwa. Mteja aliingia akamtafuta Chef. Wote wawili waliitika, kisha kila mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Mteja alimpa karatasi yake mlinzi.

Jumatano Papa Valère aliandika barua ya kuomba arudishiwe kiti Mama akishaondoka. Na barua hiyo, kwa sheria ileile, ilibidi ipite mezani kwa shefu, yaani kwa Mama. Hatukuwa na wasiwasi. Mtu amekusainia mara tatu, nawe utamsainia mara moja. Mama aliikalia hadi jana mchana. Halafu akaandika: "Naunga mkono, ikiwa faili ya Chancelle itawekwa kando ya faili yake na zote mbili zipimwe."

Chancelle ni mimi ninayeandika haya. Nimekwenda na Mama Pepa mara nne, na sikuomba kitu.

Papa Valère aliisoma akiwa amesimama. Katika miaka yote sikuwahi kumwona na uso ule. "Miye nilikusainia mara tatu, Mama," alisema. Mama alimtazama kwa upole sana. "Ulisaini sababu ilikuwa kweli, Valère. Haikuwa deni." Papa Valère alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Mama alimpelekea chai, wakainywa pamoja. Mimi nilibaki ndani nikipanga vyuma vya kupimia ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Sikujua nimkimbilie nani, nimshukuru nani, wala nimwombe nani msamaha.

Asubuhi hii Papa Valère amesimama mbele ya meza yangu. "Faili yako iko wapi?" ameuliza. "Kuanzia Jumatatu kiti kitakuwa wazi na mkubwa hapa ni miye, itapita kwangu." Ni ahadi au ni onyo? Nimemtazama usoni na sijaelewa. Amenisubiri mpaka nikafungua droo.

Mchapishaji wa karatasi hii naye ameuliza tuweke cheo gani chini ya jina la mstaafu, kwa kuwa alichoandikiwa mwanzo kimefutwa kwa kalamu mara mbili. Nimemwambia aandike Shefu wa Biro, na aandike kwa herufi kubwa. Hilo peke yake halikunizungusha kichwa.

Mama Bibiane, asante kwa kila sahani uliyoisimamisha sawa, sokoni na humu ndani. Neno lile limetoka kwenye faili yako. Nenda nyumbani mikono mitupu, kwa raha. Mungu akupe afya, wajukuu watiifu na samaki wasiopunjwa. Pumzika vizuri, Chef. Na Jumatatu ukisikia hodi mlangoni, nifungulie: ni mimi, nimekuja kukuuliza maana ya alichoandika Papa Valère kwenye faili yangu.