Aliyeuliza Kutoka Majini

Sogeeni, wanangu. Makarius, liache hilo dirisha, ukungu wa Kasulu haujaua mtu. Arielle, niinue kidogo, kifua kimejaa. Nisikilizeni ningali na pumzi, maana aliyekwishafunikwa sanda haulizwi tena neno.

Shamba hili la migomba ni lenu wawili, nusu kwa nusu, mpaka wenu ni ule mtaro. Kiwanja cha kule Ziwa Tanganyika, kilichomezwa pamoja na mtaa mzima maji yalipopanda, msimuuzie mtu hata maji yakirudi nyuma. Mtaa ule haukuwa na wenyeji. Wa kwanza kujenga walikuwa Wabembe, waliovuka kutoka Kongo na nyavu zao mabegani. Wakafuata Warundi na mawese, Wamanyema wakasimamisha msikiti wa udongo, nasi Waha tukateremka kutoka milimani kuuza maharage, tukaonja dagaa wabichi, tukasahau kurudi. Ndivyo nilivyoolewa na baba yenu Eugène, mvuvi wa Kibembe asiyejua Kiha hata salamu. Sheria yetu ilikuwa moja: atokaye majini hulishwa kwanza, jina huulizwa baadaye.

Sasa hili sijapata kulisema. Asubuhi moja ukungu ulilala juu ya ziwa, mtumbwi ukaja ufukweni wenyewe, bila kasia, bila mtu, umenyooka kama unaovutwa kwa kamba. Ulikuwa umejaa maji hadi nusu, na ndani yake mtoto mchanga, kitenge alichofungwa kikiwa kikavu. Hakulia. Alikuwa akitazama kule alikotoka. Mzee Athuman, mkubwa wa wavuvi, akasema, "Usukumeni urudi. Kisicho na mtu kina mwenyewe." Watu wakaanza kurudi nyuma. Eugène akaingia majini hadi kiunoni, akamtoa mtoto, akaniletea. "Josepha, mnyonyeshe. Sheria ni sheria." Wewe Arielle ulikuwa hujaacha kunyonya, nikawapakata wote wawili.

Tulia, Makarius. Ndiyo, ni wewe. Usiuondoe mkono wako.

Tangu hapo, kila ukungu ulipotanda, sauti ya mwanamke iliuliza kutoka majini: "Mmempokea?" Mtaa mzima uliisikia, kila mtu kwa lugha ya mama yake, mimi kwa Kiha, Eugène kwa Kibembe. Mbwa waliingia uvunguni. Hakuna aliyethubutu kujibu, nikajibu mimi, mlangoni, nimekubeba: "Tumempokea. Amekula, amelala." Hapo ziwa lilinyamaza kimya, hata mawimbi usiyasikie. Baba yenu alizama, sauti haikukoma. Maji yalipotufukuza tukapanda huku, nikadhani tumeiacha. Hatukuiacha. Juzi niliisikia nyuma ya migomba, kilimani hapa, ambapo ziwa halionekani hata ukipanda juu ya mti.

Nawe, mwanangu, ulimfukuza Fidele mlangoni ukamwita mkimbizi, kwa kuwa alitoka kambini Nyarugusu kumposa dada yako. Wakaoana hivyo hivyo, na tangu harusi hamjala sahani moja. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wakubwa. Pale ufukweni sote tulikuwa weupe. Kamlete sasa hivi. Yuko uani, anaogopa kuingia kwa sababu yako. Mshike mkono umwingize wewe, si mwingine.

Ngoja, usiende bado.

Nizikeni hapa juu. Msinipeleke ziwani, huko nitateremka mwenyewe. Namwendea mama yako. Miaka yote nimemjibu simwoni uso, sasa nitasimama mbele yake. Nipe neno nimpelekee. Sema kwa nguvu, masikio yanazibika.

Eh. "Apumzike, nina mama." Mwanangu. Nitamfikishia hivyo hivyo, sitapunguza.

Nenda sasa, kamlete shemeji yako. Arielle, usilie, nishike. Mungu awape amahoro, amani tele, bana banje, wanangu, awape watoto wa kujaza ua huu, wasiojua nani... nani alitoka wapi. Naona miguu miwili... miwili mingine mlangoni. Ni nyinyi? Ingieni... ingieni wote...