Fundi wa Friji na Albamu Isiyo na Gitaa

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake: wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, wa tatu na wa mwisho kwa mama yao. Mlioshika vijitabu mtaona ukurasa wa tatu una picha ya maua. Hapo palikuwa na aya kuhusu albamu yake ya muziki. Kamati iliiondoa. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye kaka yao mkubwa, alimwambia mdogo wake sebuleni mbele ya watu, "Mambo ya ujana hayana nafasi kaburini. Usije ukatutia aibu." Mdogo wake akamaliza chai yake, akaenda nyumbani kuiandika upya. Ataisoma. Anayetaka kumkonyeza na amkonyeze.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa fundi wa reli na mama muuza vitambaa. Alizaliwa kabla ya siku zake, kadogo, hata mkunga akamviringisha kwa pamba. Lakini alipolia, majirani walitoka nje. Mama yao alikuwa akisema, "Huyu alikuja na spika yake."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Kanisa la jirani lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, na mpiga kinanda, mzee mkali asiyecheka na mtu, alikubali kumfundisha kila Jumamosi. Tatizo ni kwamba miguu ya mtoto haikufika chini. Basi kaka yake alikuwa akijipenyeza chini ya kinanda na kusukuma kanyagio kwa mikono, vumbi puani, huku marehemu akipiga juu. Waliendelea hivyo mwaka mzima. Baadaye marehemu alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1971 kama fundi wa mitambo ya baridi.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa, akafanya kazi huko miaka thelathini na tisa bila kuandikiwa barua hata moja ya onyo. Wenzake wako hapa, watasema kama ni uongo. Alikuwa haanzi na bisibisi. Alisimama mbele ya kompresa, akafumba macho, akasikiliza. "Jana ilikuwa inaimba juu kidogo," angesema. "Gesi inavuja." Meneja mmoja mpya alidhani anachezewa akili, akaleta mtaalamu na vipimo vyake. Mtaalamu akapima nusu siku, akaja na jibu lile lile.

Sasa, albamu. Inaitwa Chumba cha Baridi, na ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 18 na 19 Januari 1975, katika ukumbi wa chuo cha uchapaji, madawati yakiwa yamerundikwa ukutani. Bendi ilikuwa na watu wanne: mwimbaji aliyepiga besi, mpiga ngoma, marehemu kwenye kinanda, na kaka yake kwenye gitaa. Spika ya kinanda marehemu aliiunda mwenyewe ndani ya kabati la nguo, akaizungusha kwa mota ya feni iliyotoka kwenye friji bovu, ndiyo maana sauti yake inayumbayumba namna ile. Siku ya kwanza, kabla hata ya wimbo mmoja, kaka alisema kinanda kinamfunika. Marehemu alikataa kukipunguza. "Basi chagua," kaka akasema, "mimi au hilo kabati." Marehemu alikuwa na miaka ishirini na tatu na kichwa kigumu kama nyundo. Kaka akafunga gitaa lake kwenye mfuko, akaondoka.

Wakarekodi bila gitaa. Mwandishi wa gazeti moja aliwapa mistari sita tu, akasema muziki wa roki bila gitaa ni chai bila majani. Zilitolewa santuri mia tano, zikauzwa mia moja na kumi na mbili. Na leo, mbele ya jeneza hili, mdogo wake anasema bila kupepesa macho: mwandishi yule alikuwa kiziwi. Sikilizeni wimbo wa kwanza unavyoanza kwa noti moja, imeshikiliwa, imeshikiliwa, mpaka mpiga ngoma anashindwa kuvumilia na kuingia kwa hasira. Sikilizeni wimbo wa tatu, mkono wa kushoto ukinguruma chini huku wa kulia ukipanda ngazi mbili mbili. Vijana wa mtaa wetu waliucheza mpaka santuri ikakwaruza, na leo ni babu na bibi za watu, lakini ukiwaanzishia mabega yanatikisika yenyewe. Aibu iko wapi hapo? Wapo pia waliosema wimbo wa nne una kasoro, kwamba katikati kinanda kinakatika kwa sekunde thelathini na nane, zinabaki besi na ngoma tu, kana kwamba mpigaji alikwenda kunywa maji.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani wa barabara ya posta, mmoja wa wale mia moja na kumi na wawili walionunua santuri. Mke huyo alikuwa nayo dukani kabla hajamjua aliyepiga kinanda, na marehemu alipoingia kutengenezewa suruali aliisikia, akasahau suruali. Mke wake anasema hajawahi kumwona mwanamume akijisifu kwa kunyamaza vile. Waliishi miaka arobaini na mitatu, na wakabarikiwa mtoto wa kike na wa kiume.

Mwaka 2019 mapafu yalianza kumsumbua. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, mdogo wake akiwa kando ya kitanda akimmenyea chungwa, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa miaka arobaini na saba: kwa nini hukuziba lile pengo kwenye wimbo wa nne? Ungeweza, tena kwa mkono mmoja. Marehemu alivuta pumzi taratibu, kwa shida.

"Pale ni pa kaka," alisema. "Ningepaziba, angerudi akae wapi?"

Mdogo wake alimwambia amwite kaka amwambie mwenyewe. Akatikisa kichwa. Yeye na kaka walikuwa wamesalimiana, wamekula pamoja, wamezika baba na mama pamoja, na neno hilo halikuwahi kupita kati yao. Alifariki dunia tarehe 3 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Aibu anayoijua mdogo wake ni moja tu: kwamba yeye naye alikaa na jibu lile wiki tatu nzima, akimwogopa kaka yake, wakati wote wawili walikuwa hai.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake huyu, na kaka mmoja. Kijitabu kimemwandika kuwa mwenyekiti wa kamati. Hicho ni cheo cha wiki moja. Jalada la santuri, ambalo hajawahi kukubali kulishika, limemwandika vingine: nyuma, mstari wa pili, jina lake, mpiga gitaa. Marehemu ndiye aliyeagiza liandikwe, wakati kaka ameshaondoka. Hakulifuta.

Kaka, simama basi uje huku mbele, ushike jeneza upande wa kichwani. Wote tunakungoja. Na ndugu yetu apumzike kwa amani.