Jicho na Kijicho

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, ndiye anayesoma wasifu huu, na tangu siku hiyo mdogo akawa wa pili katika kila kitu.

Marehemu alihitimu utabibu mwaka 1979. Mdogo wake alimfuata chuo kile kile, na kila mwalimu alimpokea kwa swali moja: “Wewe ndiye mdogo wake yule?” Alikuwa ndiye, na ilimuuma.

Kwa miaka thelathini na mitano walifanya kazi kliniki moja ya ngozi, meza zikitazamana. Wagonjwa walimwita marehemu Jicho. Mdogo wake akaitwa Kijicho, na wote mnajua neno hilo lina maana gani. Wala hakusingiziwa. Siku moja alimwandikia dereva dawa ya choa, marehemu akamrudisha dereva mlangoni. “Choa kina ukingo wenye magamba, tena kinawasha,” alisema. “Baka hili limepauka tu, limenyamaza.” Akaligusa kwa pamba, dereva, macho kafumba, hakuhisi kitu. Ulikuwa ukoma, umewahiwa, na dereva akapona na vidole vyake vyote. Mdogo mtu akamshukuru dada yake mbele za watu, kisha akaenda stoo kulia kwa wivu.

Tarehe 8 Desemba 1984 marehemu aliolewa na mwalimu wa hesabu, aliyekuja kliniki na ukucha mnene wa manjano. “Alinitazama kucha mwezi mzima kabla ya uso,” shemeji husema. Walijaliwa watoto watatu.

Novemba 2022, wakichambua mchele, mdogo aliona ncha za vidole vya dada yake zimevimba na kucha zimepinda. Akamwambia agusanishe kucha mbili, mgongo kwa mgongo, kama walivyowafanyia wagonjwa. Kwa mwenye afya hubaki kidirisha cha mwanga katikati. Chake kilikuwa kimeziba.

“Mapafu hayo. Umeniwahi, Kijicho,” marehemu akacheka.

Maisha yake yote mdogo alitamani kumtangulia kuona. Siku hiyo aliomba awe amekosea. Hakukosea, ilikuwa saratani.

Wiki ya mwisho marehemu alimwambia, “Jina lile nilikupa mimi. Nilimaanisha jicho dogo. Wewe ukasikia wivu.”

Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake, anayemwonea wivu hata leo, kwa kuwa ametangulia tena.

Jicho limefumba. Lipumzike kwa amani.