Uji wa stesheni

Mwaka ule wa 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani, nao walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni. Ndani ya taksibasi nilikaa nyuma ya Mama Philomène, aliyepakata sufuria kubwa ya uji. Mwanamume wa pembeni yake, ambaye hawakujuana naye, alimuuliza anaupeleka wapi.

"Ku gare, pale stesheni. Napikiaka batoto ba pale."

"Nani anakulipaka?"

"Hakuna."

"Basi, mama, iko kitu unatafuta. Manyumba yabo, labda."

Hakuwa mwehu kuuliza hivyo. Siku zile nyumba nyingi za waliofukuzwa zilipata wenyewe wapya.

Mama hakukasirika. "Ndiyo, iko kitu. Tangu bwana yangu alikufa, hakuna muntu ananiuliza kama nimelala muzuri. Kule bananiulizaka."

"Kumbe unajifurahisha na mateso yabo."

"Pengine," mama alisema taratibu. "Na bo banakula uji."

Gari lilisimama stesheni. Mama alimwomba amsaidie kushusha sufuria. Yule mwanamume alifunua kifuniko kwanza, akachungulia ndani mpaka mvuke ukamfunika miwani, ndipo akaishika.