Mikono Nyuma: Miaka Thelathini na Mmoja katika Chumba cha Udongo

Tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa ufinyanzi anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Tiba kwa Sanaa kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wanamwita Mikono Nyuma, na wanadhani hajui. Anajua tangu kundi la kwanza. Mkuu wa idara alinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa tumekaa ofisi moja, meza kwa meza, akanisihi niufanye uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila walio karibu naye wanajua kwamba mwaka huu wa mwisho tulikuwa na wasiwasi mmoja tu: kama atashika tena udongo, au ataondoka bila kuugusa. Ninayoandika hapa nayaandika kwa ruhusa yake. Aliyasoma kwanza, akafuta sentensi kadhaa, na zote zilikuwa za kumsifu.

Wageni wanaotutembelea hushangaa wakisikia tulikotoka. Wanategemea kukuta wachoraji tu. Badala yake wanamkuta mkunga wa zamani, ambaye sasa anafundisha namna ya kutumia kazi za vitambaa na kina mama waliopoteza watoto wachanga. Wanamkuta aliyekuwa askari magereza, mpole kuliko sisi sote, bingwa wa kukaa na vijana waliotoka kifungoni mpaka wakubali kushika penseli. Wananikuta mimi, mwanasaikolojia wa watoto, ambaye nikichora paka watu huuliza hiyo meza ni ya nani. Na wanamkuta Fundi, aliyekuwa mshonaji wa nguo za maharusi, ambaye utaalamu wake ni kuwarudisha kwenye kazi za mikono watu waliopata kiharusi. Kila mmoja wetu alikuja na ujuzi wake wa zamani na tabia zake za zamani, na kazi kubwa ya chuo imekuwa kututenganisha na hizo tabia bila kutunyang'anya ujuzi.

Mstaafu wetu alizaliwa kwa wafinyanzi. Baba yake na shangazi yake walikuwa na karakana nyuma ya nyumba, wakitengeneza mitungi na vyungu vya maua. Alipokuwa msichana aliweza kugonga chungu kwa kifundo cha kidole na kukwambia kama kina ufa ambao jicho halijauona. Shangazi mtu alikuwa mkali. Akipita nyuma yako na chungu chako kimepinda, anaunyoosha mdomo wa chungu papo hapo, bila hata kukatisha mazungumzo, na wewe unashukuru. Ndivyo walivyofundishana pale, na hakuna aliyeona vibaya.

Kutoka karakana alichukuliwa na hospitali kufundisha kazi za mikono katika wodi ya wagonjwa wa akili. Huko ndiko alikogundua kwamba watu wanaomgomea daktari wanaweza kuanza kuzungumza wakiwa wanakanda udongo, mradi usiwakodolee macho. Akasoma unasihi jioni, mumewe akilea watoto na kulalamika kwamba anapika kuliko mkewe. Chuo kilipomwita, chumba cha udongo kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Walikisafisha wawili, yeye na mumewe, ambaye ni fundi umeme na ndiye aliyeunganisha tanuri letu la kwanza. Shemeji huyo amelitengeneza tanuri hilo kila lilipogoma, na kila mara ameapa kuwa hiyo ndiyo ya mwisho.

Sasa jina. Katika mwaka wake wa kwanza na sisi alimpokea dereva wa malori aliyefiwa na mkewe. Bwana huyo alikuwa haongei, hali vizuri, na binti yake alimleta kwa kumkokota. Wiki kadhaa alikaa tu. Halafu siku moja akaanza kupandisha chungu, akakifikisha juu, kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akaenda kunawa. Mwalimu wetu akapita, mkono ukaenda wenyewe, akanyoosha ule mdomo. Hakuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Dereva aliporudi alikiangalia chungu, akasema asante, sasa kimependeza, akachukua koti lake. Hakurudi tena. Mwalimu alimfuata nyumbani kumwomba radhi, akakuta amehama na hakuna jirani aliyejua alikoelekea.

Kisa hiki amekisimulia kwa kila kundi jipya, siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha vyoo viko wapi. Hakukilainisha hata kidogo. Siku zote alitokea mwanafunzi mwerevu wa kunyoosha kidole na kueleza kwamba ule mwinamo ulikuwa huzuni ya mjane, au kitanda chenye nafasi tupu, au lori barabarani. Hapo ndipo mtu alipoujua ukali wa Mikono Nyuma. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wewe hukuwepo, na mimi niliyekuwepo sikumwuliza. Kisha akawasimamisha wote, akawaamuru waweke mikono nyuma ya mgongo, wazunguke chumba wakitazama kazi za wenzao hivyo hivyo. Wafinyanzi, wachoraji na washonaji ndio walioteseka zaidi. Fundi, aliyekuwa katika moja ya makundi hayo, anakiri kwamba vidole vilimwasha kwa muhula mzima.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Usimwambie mgonjwa kazi yake inamaanisha nini. Usiirekebishe. Ikimalizika, mwulize tu anataka ichomwe au ivunjwe, kwa sababu udongo usiochomwa hurudi kwenye ndoo na kuanza upya, na uamuzi huo ni wa mwenyewe. Leo waliopita mikononi mwake wanafundisha katika hospitali, vyuo na nyumba za kulelea wazee, na ukiingia kwenye madarasa yao unaweza kuwatambua kwa jinsi walivyosimama.

Hakuwa malaika. Alichelewa kusahihisha mitihani, akasingizia tanuri. Vikao vya idara alivikalia akiwa na donge la udongo chini ya meza, analikanda, na tukimwuliza maoni anasema anakubaliana na aliyetangulia, hata pale ambapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa. Kuna siku donge hilo alilisahau kwenye kiti cha mgeni wa wizara. Mgeni alikuwa muungwana, akakagua idara nzima na alama yake nyuma, nasi tukamfuata tumenyamaza kama tuko msibani. Na huko nyumbani, mumewe anasema hawajawahi kuwa na vikombe viwili vinavyofanana.

Mwaka jana, wakati wa likizo, alipata kiharusi. Ulimi ulirudi mapema, na tukashukuru Mungu. Mkono wa kulia ndio uliobaki umejikunja, unatetemeka, unashika kikombe kwa kusaidiwa. Alirudi kazini kabla daktari hajapenda. Alifundisha nadharia darasani kwangu, akasahihisha kwa mkono wa kushoto, akatania kwamba sasa mwandiko wake na mchoro wangu wa paka ni ndugu. Lakini chumba cha udongo hakuingia. Ili kufika ofisini alizunguka jengo zima kupitia mlango wa nyuma, mvua inyeshe au jua liwake, ili asipite mbele ya chumba hicho. Tuliona sote, na tukajifanya hatuoni. Iliniuma sana.

Ni mumewe aliyevunja ukimya. Alikuja kutazama waya za tanuri ambazo hazikuwa na shida yoyote, akasimama pale na bisibisi, akatuambia mimi na Fundi kwamba mkewe amefunga vifaa vyake kwenye shuka na kuvipandisha juu ya kabati. Alisema kwamba akiwa macho hataji udongo, lakini akilala vidole vinakanda blanketi. Kisha akasema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kutoka kwake, kwamba yeye hajui umeme wa namna hii na anatuomba tumsaidie.

Fundi hakuzunguka. Alimwendea mwalimu wake na kumwambia kuna nafasi siku ya Jumanne katika kundi lake la waliopata kiharusi, na aje akiwa amevaa aproni ya wagonjwa, maana ya walimu hatampa. Mikono Nyuma hakumsemesha kwa wiki nzima. Jumanne iliyofuata akaingia kwa mlango wa mbele.

Mwanzoni aliuweka mkono juu ya udongo tu, basi. Baadaye akaanza kubonyeza. Baada ya miezi akajaribu bakuli dogo. Upande wa kushoto ulipanda vizuri, upande wa kulia ukawa mnene chini na mwembamba juu, ukaanza kulala. Akamwambia Fundi alishike. Fundi akaweka mikono nyuma. Akamwambia tena, safari hii kwa ukali, kwamba kinachohitajika ni kidole kimoja tu, sekunde moja tu. Fundi hakusogea. Mwalimu akamkumbusha nani aliyemfundisha kukanda, nani aliyempigania abaki chuoni alipotaka kurudi kwenye cherehani, na maneno mengine ambayo wote wawili wamekataa kunitajia. Fundi alisimama pale pale, machozi yanamtiririka, mikono nyuma.

Basi mwalimu naye akalia. Hakuwa amelia hospitalini, wala nyumbani. Alilia kwa ajili ya mkono wake, kisha, anasema mwenyewe, kwa ajili ya yule dereva. Kwa miaka yote hiyo alidhani kosa lake lilikuwa kukosa adabu, kugusa mali ya mtu bila hodi. Sasa akiwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa alijua uzito wake. Bakuli lile bovu lilikuwa kitu cha kwanza alichokifanya peke yake tangu augue, na kama Fundi angelinyoosha, asingebaki na chochote. Hicho ndicho alichomnyang'anya yule bwana, na akamfanya amshukuru.

Walipotulia, Fundi akamwuliza kama anataka lichomwe au livunjwe.

Sisi tulikuwa na mipango yetu. Nilishaliona bakuli hilo kichwani mwangu juu ya meza ya sherehe, na kadi nzuri pembeni, na hotuba ya mkuu wa idara. Wageni wangefuta machozi. Yeye aliligeuza mara mbili, akalivunja, akaurudisha udongo kwenye ndoo, akasema Jumanne ijayo anataka donge kubwa zaidi. Kwa hiyo siku ya sherehe msilitafute bakuli, na msimwulize lilimaanisha nini.

Mwalimu, kwa niaba ya idara, ya wanafunzi uliowatisha na wagonjwa uliowaachia kazi zao zikiwa zao, tunakushukuru. Tunamshukuru shemeji kwa tanuri na kwa siku ile ya bisibisi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na mabakuli mengi yaliyopinda, uliyoyapinda mwenyewe.