Papa Waziri Anakwenda Ludlow

Tarehe 30 Septemba 1998 Papa Waziri Nduwayo atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali yetu hapa Woluwe, Brussels. Mimi Florent nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, ndiyo maana chama chetu cha wafanyakazi wanaosema Kiswahili kimenipa jukumu la kumuaga. Nimelipokea kwa moyo mzito.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akaja Brussels akiwa fundi cherehani. Tangu aajiriwe hapa mwaka 1976, hakuwahi kumsukuma mgonjwa bila kwanza kumwambia, "Mimi ni Waziri," na kumweleza wanakokwenda. Siku moja Mtanzania aliyekuwa akingoja upasuaji alilisikia jina hilo, akajaribu kuinuka kitandani amsalimu kwa heshima, akidhani serikali imemtuma waziri. Papa alimlaza taratibu. "Tulia, ndugu yangu," akamwambia. "Wizara yangu ni lifti hizi tu."

Sote tulijua kwamba akistaafu atarudi Buyenzi. Agosti 1993 yeye na mkewe, Maman Zaituni, walikwenda kuitengeneza nyumba yao. Yeye akarudi kazini, mkewe akabaki kusimamia mafundi. Oktoba vita vikaanza. Maman Zaituni alikuwa na pumu, na siku ilipombana barabara zilikuwa zimefungwa. Majirani walimbeba juu ya mlango walioung'oa, lakini hawakumfikisha hospitalini akiwa hai. Habari hizo zilimkuta Papa akiwa zamu. Alimfikisha kwanza mgonjwa wake kwenye eksirei, ndipo akaketi.

Binti yao, Fatuma, ni muuguzi huko Ludlow, mji mdogo wa kale wa Uingereza. Alimsihi baba yake ahamie kwake, na Novemba iliyopita Papa alichukua likizo ya wiki sita akaujaribu mji huo. Alitusimulia nyumba za mbao zilizopinda kwa uzee, na soko linalofanyika chini ya ngome iliyobomoka, ambako watu huuza jibini, buti na mayai ya bata. Alitembea mashambani, akivuka malisho hadi matope yakamfika vifundoni, asikutane na yeyote isipokuwa kondoo. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia. Kwa sala ya Ijumaa alikwenda Birmingham, safari ya karibu saa mbili kwa treni.

"Watu ni wema kule," aliniambia aliporudi, tukinywa kahawa. "Lakini mama mmoja anayeuza mayai aliniuliza natoka wapi. Nikasema Brussels, si Bujumbura. Bon, nilichoka kueleza. Nilipofika nyumbani nikaona kama nimemkana Zaituni."

Alikuwa amekatiza likizo yake wiki mbili kabla haijaisha, nasi tukaamini kwamba Ludlow hatakwenda tena. Kisha mwezi Juni jirani yake, Mzee Iddi, akamwandikia kutoka Buyenzi. Familia tatu zilizokimbia mapigano zilikuwa zimeingia katika nyumba yake. Kwa kuwa mwenye nyumba anakaribia kustaafu, je, ziambiwe ziondoke?

Papa aliijibu barua hiyo mbele yangu, kwenye meza ya chumba cha mapumziko. Aliandika mistari miwili tu: "Wasitoke. Chumba cha nyuma kinavuja, waambie wawalaze watoto mbele." Akaifunga bahasha, akampigia Fatuma simu, akamwambia kwamba anakuja.

Papa Waziri, tunakushukuru kwa kila mgonjwa uliyemwondolea hofu, na kwa kila mmoja wetu uliyemfundisha kazi bila kumpandishia sauti. Hatujui kama utakuwa na furaha huko, wala hatutajifanya tunajua. Tunakuombea afya njema, magoti imara na majirani wenye subira. Umekataa zawadi, umetuomba barua za Kiswahili tu, hata kama habari yenyewe ni mvua, upate cha kusoma kwa sauti. Tumeshagawana miezi ya kukuandikia. Oktoba ni yangu.