Nani Kasema Bembea la Hashimu Ling'olewe?

Pale Mwembesongo, Morogoro, kwenye kona ya duka la vipuri vya baiskeli, pana benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, wamelisogezea tofali. Alasiri ikishaswaliwa, Hamza anatua na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wenyewe wanajaa. Bibi Mwanaasha hakai benchi. Anakaa kigoda chake pembeni, sinia la kashata miguuni. Darasani hakuingia hata siku moja, lakini ugomvi wa kila nyumba ya mtaa ule anao kichwani: nani kamnunia nani, tangu lini, na chanzo nini. Ng'ambo ya uwanja, ukitazama kutoka pale benchini, linaonekana bembea la Hashimu. Masanduku manne ya mvule, matatu ya kijani na moja jekundu, yananing'inia kwenye gurudumu la chuma linalopanda na kushuka kwa kusukumwa na mikono ya mtu mmoja. Idi zote mbili, miaka arobaini sasa, watoto wa Mwembesongo wanacheka humo na kutapika humo. Huyo Hashimu ni kaka yake Bibi Mwanaasha, tumbo moja, ziwa moja. Na huu ni mwaka wa nne hawasemezani.

Siku hiyo zimebaki wiki mbili Idi kubwa iingie. Maneno akaja na bodaboda yake mbio mbio, akaiegesha vibaya, hata kofia hajavua. Kijiweni wanamwita VAR, kama ile video ya marefa wa mpira, kwa sababu jambo likishaisha yeye ndiye anataka lirudiwe tuone.

— Oya, mmesikia? Bembea linang'olewa!

— Bembea gani? — akauliza Hamza.

— Kuna bembea ngapi hapa? La Mzee Hashimu! Jana nimemwona jamaa kwa macho yangu haya, ana futi kamba, anapima nguzo. Anapima, anaandika. Anapima, anaandika. Halafu akatikisa kichwa hivi.

Bibi Mwanaasha alikuwa anampa mtu kashata. Mkono ukabaki hewani.

— Rudia — akasema.

VAR akarudia, na safari hii jamaa akawa na futi kamba mbili.

— Chai hiyo, unatia chumvi — akasema Anselmi. Huyu ni mstaafu wa mashamba ya miwa kule Turiani, Mluguru wa Matombo, Mkatoliki, wanamwita Profesa kwa sababu ya miwani. — Lakini lisemwalo lipo, kama halipo ujue limeshaondoka. Mimi nilisikia tangu wiki iliyopita, nikanyamaza. Kuna mwekezaji kutoka Dar. Analeta farasi wa umeme.

— Farasi?

— Wa plastiki. Mtu mmoja, farasi mmoja. Wanaimba muziki, wanazunguka chini chini hapo, hawapandi juu hata kidogo. Na hupandi mpaka ulipie kwa control number.

— Control number ya bembea! — Bibi Mwanaasha akapiga paja. — Mtoto anatoka msikitini na kanzu yake mpya, anataka kubembea, umwambie akachukue control number? Hawa watu wana wazazi kweli?

— Bibi, ndiyo dunia ilivyo sasa — akasema VAR. — Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hawakusema hivyo.

— Walisema, bibi, wewe hukuwepo.

Benchi likacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ametazama lile sanduku jekundu, limetulia chini, kuku kapanda juu yake.

Maana bembea lile si la watoto peke yao. Idi pili, alasiri ikishapita, Hashimu huwashusha watoto wote, akapangusa sanduku jekundu kwa kitambaa, akaita wagomvi wawili. Wanakuja wamenuna, kila mmoja anatazama kwake. Wanafungiwa komeo. Hashimu anasukuma, na hasimamishi mpaka mmoja amwite mwenzake kwa udugu wao. Jina halikubaliki. Lazima iwe wifi, au shemeji, au mwanangu. Na wa kuchagua nani akae na nani ni Bibi Mwanaasha. Kazi hiyo hakupewa na mtu, ilimwangukia tu, kwa sababu ndiye anayejua. Zamani alikuwa akimnong'oneza kaka yake sikioni. Siku hizi anayataja majina kwa Maneno, na Maneno anayavusha uwanja.

— Profesa — Bibi akasema — hebu waambie hawa watoto. Wewe na shemeji yako mlikuwaje?

— Aa, mimi na Alois? Miaka sita! Kisa mpaka wa migomba. Nikasema mimi Mkristo, mambo ya Idi yananihusu nini? Bibi huyu huyu akaniambia, bembea halina dini. Mzunguko wa nne Alois kanishika shingo anapiga kelele, "Shemeji, mwambie asimamishe, nakuachia migomba yote!"

— Na Shamimu na wifi yake Zuleha — Bibi akaongeza, sauti inapanda. — Sufuria la pilau lilirudishwa limeungua, miaka miwili hawasalimiani, watoto wao wanapishana njiani kama hawajuani. Walipofika kule juu, Zuleha akaona mlima wote mpaka mawingu, akaona na chini palivyo mbali. "Wifi yangu nakufa!" Basi. Jioni wamekula sahani moja. Sasa niambieni: farasi mmoja, mtu mmoja. Utampatanisha mtu na nani? Na farasi?

— Labda kompyuta itachagua — akasema VAR. — Siku hizi kuna hizi akili za kwenye simu. Unaingiza majina yote ya mtaa, inakwambia wagomvi hawa hapa.

— Inajua nani alimnyima nani kuku wa arobaini?

— Inajua kila kitu, bibi.

— Inajua kwa nini mke wa marehemu Kibwana hapiti mbele ya duka hili? Wewe hapo ulipo unajua? Hujui. Na hutaambiwa. Ukitaja tu, nyumba tatu zinaungua. Mimi nimekaa nalo miaka kumi na saba, nasubiri waive. Ugomvi mbichi haupandishwi bembea, unamwaga damu. Kompyuta itajua lini umeiva?

Hapo Hamza aliyekuwa anasuuza vikombe akaona na yeye asipitwe.

— Mimi ninavyosikia, haling'olewi kutupwa. Linapelekwa Ulaya. Wazungu wanapenda vitu vya kale. Wataliweka ndani ya kioo, taa zinawaka, watu wanapita wanalitazama, marufuku kugusa.

— Bembea usiloligusa! — Profesa akavua miwani.

— Ndiyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mnapotea wote — akasema VAR, akainama, akashusha sauti, mpaka na mtu wa duka la vipuri akatoa kichwa. — Siyo bembea wanalolitaka. Wanataka ule mtaimbo wa katikati. Mnajua ulitoka wapi? Kiwanda cha zamani cha mkonge, cha Mgiriki. Chuma cha Mgiriki kile. Ndani mna mekyuri nyekundu, zebaki ya ajabu. Kidogo tu, kama tone la asali. Tone hilo unanunua Morogoro nzima na mlima wake.

— Ndiyo maana jamaa alitikisa kichwa — akasema Hamza.

— Ndiyo maana!

— Alishalihisi.

— Alilihisi kabisa! Na futi kamba ile si futi kamba, ni kipimo cha madini!

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja anataka waende kwa mtendaji, mwingine anataka walale palepale uwanjani kwa zamu, VAR anasema bodaboda wote wafunge njia. Profesa akasimama kabisa, akanyoosha kidole juu.

— Samaki mkunje angali mbichi! Hatukubali!

Na Bibi Mwanaasha ndiye aliyewaka kuliko wote. Ajabu, kwa sababu kama kuna mtu aliyelilaani bembea lile, ni yeye. Siku ya ndoa ya Asia, kitinda mimba wake, ilikuwa Idi pili. Kwa Waluguru kama wao mjomba ndiye mwenye mtoto, bila neno la mjomba hakuna harusi ya maana. Hashimu akatuma salamu, "Nakuja, namalizia foleni ya watoto." Alifika isha imeshaswaliwa, mikono ina grisi, pilau limekwisha, bwana harusi kaondoka na mke, na neno la mjomba kalisema mzee wa kuazima. Bibi akamwambia mbele ya watu wote, "Bembea lako ndilo dada yako. Na likuzike." Hashimu akajibu, "Haya." Toka siku hiyo, kimya. Anayekula kashata za Bibi hakai barazani kwa Hashimu, na wa barazani kwa Hashimu anafuata kashata sokoni.

Lakini moyo wa mtu una vyumba. Tangu hapo, kila Idi anapotaja majina mawili kwa Maneno, kuna majina mengine mawili anayameza. Na hata angeyataja, ingekuwaje? Nguzo ya kusukumia Hashimu hampi mtu. Atasukuma yeye, halafu akae nani? Hapo ndipo Bibi hukwama, akalala nalo, akaamka nalo. Ila bembea lilikuwepo pale, na likiwepo bembea, kuna Idi nyingine. Likiondoka, basi atakufa na ule mdomo wake wa siku ya harusi.

— Hatoki mtu na bembea lile! — akasema, kasimama na kigoda kimeanguka nyuma. — Waje na futi kamba, waje na karatasi, mimi nitakaa ndani ya sanduku wanibebe nalo! Mimi na mifupa yangu! Waseme wameiba bembea na bibi wa watu!

— Sema mama! — benchi likaitikia.

Wakati kelele ziko juu hivyo, akatokea kijana anasukuma toroli. Ovaroli ya buluu, mfuko wa vifaa begani, na kwenye toroli boksi zito limefungwa kamba. VAR akamwona, akashika kichwa.

— Ndiye! Ndiye huyo huyo wa jana!

Kijana akasimama, kaona watu wanamtazama kama mwizi wa kuku.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee.

— Marahaba — akasema Bibi, maana salamu hainyimwi hata adui. — Unaitwa nani, na umetokea wapi?

— Godlisten, bibi. Fundi wa mota. Nina kibanda changu kule Kingolwira.

— Na hicho kwenye boksi?

— Mota.

— Mota! — VAR akaruka. — Si niliwaambia? Farasi wa umeme hao!

— Hakuna farasi, kaka. Nakwenda kuifunga kwenye lile bembea pale. Masanduku hayaguswi, gurudumu haliguswi. Ni kusukuma tu, litajisukuma lenyewe.

— Kakutuma nani? — Profesa akamkazia macho. — Mwekezaji?

— Mwekezaji gani? Kanituma mwenyewe. Mzee Hashimu.

Hamza aliyekuwa anamimina kahawa akamimina mpaka ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye mkaa, moshi ukapanda.

— Mkono umemshinda? — akauliza Bibi, na sauti haikuwa ile ya kwanza. — Anaumwa?

— Haumwi, bibi. Mikono ile itanivunja hata mimi. Nilimuuliza, mzee, mbona una nguvu bado, mota ya nini? Akasema Idi hii anataka kukaa. Kasukuma miaka arobaini, hajakaa hata siku moja. Na huwezi kusukuma na kukaa.

— Akae wapi? — akauliza VAR, taratibu kabisa.

— Lile jekundu.

Profesa akavaa miwani yake, akaivua tena. Kijana akaona labda hawajamwelewa, akatoa karatasi mfukoni.

— Sasa tatizo langu dogo tu. Jana nilipima zile nguzo, zimechoka kidogo, itabidi nizikaze, ndiyo maana nataka kujua uzito. Mzee anasema watakaa watu wazima wawili. Yeye nimeshampima, sabini na mbili. Nikamuuliza, huyo wa pili kilo ngapi? Akaniambia, "Mimi sisemi naye. Pita pale kwenye kahawa, uliza." Ndiyo nimekuja kuuliza. Wa pili ni nani?

Benchi zima lilijua. Hamza alijua, mtu wa duka la vipuri alijua. VAR, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akainama anafunga kamba ya kiatu, na miguuni ana kandambili.

Fundi akangoja, kalamu mkononi.

— Hata kwa kukadiria tu, wazee. Sitini? Themanini?

— Themanini! — Bibi Mwanaasha akafoka. — Themanini nazitoa wapi mimi? Mtoto huna adabu! Nitaje kilo zangu mbele ya wanaume, kijiweni, kama gunia la mpunga?

Godlisten akamtazama. Akalitazama bembea kule ng'ambo, ambako mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya nguzo, kawapa mgongo, anajifanya hatazami huku.

— Kwa hiyo ni wewe, bibi? — akauliza.

Na yule aliyekuwa na jibu la kila ugomvi wa Mwembesongo akaifungua kanga yake kiunoni, akaikaza upya, mafundo mawili, kama afanyavyo mwanamke anayetaka kupanda mahali parefu.